"Uzee tu": kisa cha Hajati aliyeanguka njia ya choo

Saa kumi na nusu alfajiri, wiki ya pili ya Ramadhani ya 2025, simu yangu iliita. Alikuwa mjukuu wa jirani yetu hapa Bombo, Uganda, askari aliyekuja likizo. Huku mganga wa kituo cha afya kama mimi huitwa Musawo. "Musawo, samahani. Bibi ameanguka njia ya choo. Anaongea, lakini haongei na sisi."

Nilikuwa macho, daku iko mezani. Nikavuka uwanja na tochi. Hajati walikuwa wamemketisha kwenye mkeka barazani, kanga imelowa umande, kiwiko cha kulia kimechubuka. Alinitazama, akamgeukia mjukuu wake, akamwita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani na kumuuliza kama ng'ombe wamerudi. Nyumba ile haijafuga ng'ombe tangu nihamie.

Bombo ni mji wa Wanubi na wa kambi ya jeshi, watu wanaamka mapema. Kabla hata ya adhana baraza lilikuwa limejaa, na kila mmoja ana jibu lake. Shangazi mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine alinong'ona kuhusu wanaopita njia ile ya choo usiku. Mzee mmoja aliyekuwa akielekea msikitini alisimama langoni, akasikiliza, kisha akasema kwa upole, "Huu ni uzee tu, wanangu. Mwacheni apumzike."

La malaria nililipima kwa dakika kumi na tano tu. La njia ya choo nililiacha lilivyo, ingawa mwishowe, kama mtakavyoona, njia yenyewe ilikuwa na lawama zake. Lakini hili la mzee lilinikalia wiki nzima, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Hajati ana miaka 76. Mwaka wa uhuru, 1962, alikuwa msichana wa miaka 13, na anasema tangu mwaka huo hajaacha kufunga isipokuwa kwa sababu ya uzazi. Ana kilo 52. Anasuka vikapu, anapika kisira, mkate mwembamba wa Kinubi, mwenyewe, na madeni ya mtaa mzima yako kichwani mwake. Miaka sita iliyopita aliambiwa ana presha, akaanzishiwa kidonge kimoja cha kukojoza, anakimeza kila asubuhi. Kisukari hana. Jioni ya kabla ya kuanguka, kwa ushahidi wa nyumba nzima, alikuwa mzima wa akili: alimgombeza mtoto aliyemwaga chai.

Mengine yalitoka kidogo kidogo. Niliomba niletewe kila dawa iliyomo chumbani kwake, likaja kavera, mfuko wa plastiki, jeusi lililofungwa fundo. Ndani yake, pamoja na vidonge vya presha, kulikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu. Goti lilikuwa limemsumbua kwa rakaa za tarawehe, binti mmoja akamnunulia duka la dawa. Alikuwa anameza kimoja mara mbili kwa siku, siku ya saba hiyo. Tena, kwa kuwa mchana anafunga, kidonge cha kukojoza alikuwa amekihamishia baada ya futari. Hakuna aliyemshauri. Ni akili ya kawaida tu: dawa ya mchana, mchana hauliwi, basi iliwe usiku.

Vipimo vya pale barazani: malaria hasi. Sukari 5.4. Joto la kwapani 36.4, jambo ambalo halikunituliza sana, maana mwili wa mzee huanza chini na hupanda kwa uvivu. Nimewahi kumwona mzee mwenye nimonia ya mapafu yote mawili, joto lake halijafika 37.5. Nikahesabu pumzi, 20 kwa dakika. Nikasikiliza mapafu, yalikuwa safi. Nguvu za mikono na miguu sawa pande zote mbili, uso haujapinda.

Kisha nikapima presha akiwa amelala: 146 kwa 78, mapigo 76. Nikamwomba mjukuu amshike kwapani tumsimamishe, nikahesabu dakika moja, nikapima tena: 108 kwa 62. Imeshuka kwa 38. Kushuka kwa 20 ndani ya dakika tatu za kusimama kunatosha kuitwa tatizo. Ila namba iliyonivuta zaidi ilikuwa ile ya mapigo. Yalikuwa 82. Yaliongezeka sita tu.

Unaposimama kutoka kitandani, damu ya nusu lita au zaidi hushukia miguuni na tumboni. Kwa kijana mambo hayo hayaonekani, kwa sababu kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifuani kuna vihisio vinavyopima jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Mtanuko ukipungua, ujumbe unafika kwenye ubongo, moyo unaharakisha, mishipa ya miguu inabana, na yote hayo yamekwisha kabla hujavaa ndara. Mjukuu yule wa miaka 28, kama angekuwa amekaukiwa maji kama bibi yake, mapigo yake yangeruka kwa 30 au zaidi. Kwa Hajati ukuta wa mshipa umekuwa mgumu, hautanuki wala haunywei kwa wepesi, hivyo kihisio kinasoma hafifu. Na hata ujumbe ukifika, moyo wenyewe hausikilizi adrenalini kama zamani. Ndiyo maana mjukuu akikimbia na begi mgongoni moyo wake unaweza kufika mapigo 190 kwa dakika, na wa Hajati, hata afukuzwe na mbwa, utaishia 150 na kitu.

Akiwa amekaa anasuka kikapu, hayo yote hayamdhuru. Moyo wa mzee mwenye afya ukiwa umepumzika unasukuma damu karibu sawa na wa kijana. Hili watu wengi hawalijui, hata baadhi yetu tuliosomea. Tunadhani uzee ni kila kitu kupungua kila saa. Mjukuu nilimweleza kwa pikipiki: mafuta ya safari ya kawaida yapo, kilichopungua ni rizavu. Barabara ikiwa tambarare hutajua. Akacheka, "Kwa hiyo bibi alikwama mlimani." Sikuwa na lugha bora kuliko hiyo, nikaichukua.

Sasa mlima wenyewe. Maji.

Nilimuuliza kwa Kiswahili, mjukuu akamuuliza kwa Kinubi: una kiu? Akatikisa kichwa, hana. Ulimi wake ulikuwa mkavu kiasi kwamba kijiti cha kuchunguzia kilinata. Kwapa, ambalo kwa mtu mwenye maji mwilini huwa na unyevu, lilikuwa kavu. Shangazi akabana ngozi ya mgongo wa mkono, ikasimama kama hema, akasema "si unaona!" Ilibidi nimwambie kwamba kipimo hicho kwa mzee ni cha uongo, ngozi imepoteza unyumbufu wake na itasimama hivyo hata akitoka kunywa jagi zima. Mjukuu naye alikuwa na ushahidi wa kinyume: ameona mkojo kwenye kopo, si mweusi, kwa hiyo maji yapo. Huo pia ni uongo, wa namna nyingine.

Tuanze na kiu. Mwaka 1984 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa Oxford: wanaume saba wa miaka 67 hadi 75 na vijana saba walikaa saa 24 bila maji. Wote wenye afya. Damu ya wazee ilikolea zaidi kuliko ya vijana, lakini wao ndio waliolalamika kiu kidogo, na walipopewa maji ya kunywa wapendavyo, walikunywa machache, hayakutosha kuwarudisha walikotoka. Kengele ilikuwa imelegea kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Kufunga kwetu hapa karibu na ikweta ni kama saa 13 na ushei, mwaka mzima hakubadiliki sana, na mtu akinywa vizuri usiku mwili wake unafidia. Sharti ni kiu imwambie anywe. Hajati jua likizama alikuwa anakunywa kikombe kimoja cha chai ya tangawizi na uji kidogo. Hakusikia haja ya zaidi. Aliponieleza baadaye akaongeza sababu ya pili, na hii hakuna jarida litakalokuambia: "Nikinywa sana nitawaamsha watoto wanipeleke choo."

Kisha figo. Mtu mzima kijana ana vichujio vidogo takriban milioni moja katika kila figo. Havizaliwi vipya. Kufikia miaka 70 hadi 75, hata bila kisukari wala ugonjwa, karibu nusu vimekwisha. Vilivyobaki vinatosha kusafisha damu ya siku ya kawaida, lakini kazi ya kukaza mkojo, yaani kurudisha maji mwilini wakati wa shida, imedhoofika. Ubongo unatoa homoni ya kuzuia mkojo kama kawaida, pengine hata zaidi. Figo ndizo zisizoitikia. Kijana aliyekaukiwa hutoa mkojo kidogo wa rangi ya chai kali. Hajati alikuwa amekaukiwa na bado anakojoa mkojo wa rangi ya majani makavu. Ule mkojo uliomtuliza mjukuu ulikuwa maji yanayotoka wakati hayakupaswa kutoka.

Na ghala lenyewe limepungua. Misuli ni robo tatu maji, mafuta yana maji machache sana. Kadiri miaka inavyokwenda misuli inapungua na mafuta yanachukua nafasi yake, hata kama mzani hausogei. Mwanamke kijana wa kilo 52 anabeba lita 26 hivi za maji. Mwenye umri wa Hajati, kwa uzito uleule, ni kama lita 23. Akipoteza lita moja na nusu, anaipoteza kutoka kwenye mtungi mdogo zaidi.

Juu ya hapo weka kidonge cha kukojoza saa moja usiku, na diklofenaki. Figo zilizozeeka hujisaidia kwa kemikali inayoachia wazi mshipa wa kuingiza damu kwenye kichujio, hasa maji yakiwa machache. Diklofenaki inazima kemikali hiyohiyo. Kijana hatambui. Mzee aliyekaukiwa, kwa siku saba, anatambua.

Tulimpeleka kituo cha afya alfajiri ileile. Huko kuna jambo ninalotaka kulisimulia taratibu, kwa sababu lilitokea mikononi mwangu.

Nilimwekea dripu, chupa ya lita moja ya maji ya chumvi, nikaipangia saa nane. Nikatoka kushughulikia kina mama wa kliniki. Niliporudi baada ya muda usiozidi saa moja, chupa ilikuwa imebaki chini ya nusu, na Hajati alikuwa ameketi wima, anahema haraka, anakohoa kikohozi kikavu. Mjukuu alikuwa ameona matone yanadondoka polepole, akaona bibi anacheleweshwa, akasukuma kile kigurudumu juu. Jeshini, alisema, mtu akianguka kwa jua dripu inafunguliwa ijae. Kwa askari wa miaka 22 yuko sahihi.

Moyo wa Hajati ni mgumu kujaa. Ukuta wake umenenepa kidogo na hautanuki upesi kati ya pigo na pigo; maji yakija kwa kasi, yasipopata nafasi kwenye moyo yanarudi nyuma kuelekea mapafuni. Na figo zilezile zilizoshindwa kushika maji usiku, mchana zinashindwa kutoa chumvi iliyozidi kwa haraka. Kwa kijana, kati ya maji kupungua na maji kuzidi kuna uwanja wa mpira. Kwa mzee kuna ushoroba, na kuta zote mbili ziko karibu. Tulifunga dripu, tukamwinua kichwa, tukampa oksijeni, na baada ya saa mbili pumzi zikarudi 20. Maji yaliyobaki alikunywa kwa kikombe, chumvichumvi ya pakiti, mafunda machache kila baada ya dakika kumi, shangazi akihesabu kwa saa ya ukutani. Kosa lilikuwa langu: sikuwa nimemweleza mjukuu kwa nini matone ni ya polepole. Siku hizi nawaeleza kabla sijachoma sindano.

Jioni hiyo Hajati alikuwa bado anamtafuta kaka yake, anavua blanketi, anataka kwenda. Jamaa mmoja akaomba achomwe sindano ya usingizi, watu wapumzike. Nilikataa. Diazepamu, ndiyo sindano hiyo, hukaa mwilini kwa muda unaokaribiana na umri wa mtu: mwenye miaka 20, nusu ya dawa hutoka kwa saa 20 hivi, mwenye 76, tegemea saa 70 na zaidi. Ini limepungua ukubwa na damu inayopita humo imepungua, na dawa inajificha kwenye mafuta. Angelala siku tatu, nasi tusingejua kama ni dawa au ni ubongo. Badala yake tulimwekea taa ikiwaka, binti yake akalala mkeka kando ya kitanda, tukamvalisha miwani yake. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee ni alama kwamba kuna kitu mwilini kimeharibika mahali pengine. Ubongo wenye akiba ndogo ndio unaopiga kelele kwanza.

Asubuhi ya pili aliamka, akauliza nani anamlishia kuku.

Damu iliyopelekwa maabara ya mjini ilirudi: sodiamu 149, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Kreatinini 1.6. Diklofenaki tulikuwa tumeshaitupa na kidonge cha kukojoza tumekisimamisha. Baada ya wiki tatu tulipima tena: sodiamu 141, kreatinini 1.0.

Mjukuu alifurahi kuona 1.0, kwa sababu kwenye karatasi yake ya uchunguzi wa jeshi naye ana 1.0. "Figo zetu ni sawa, Musawo." Nikachukua kalamu. Kreatinini ni taka ya misuli; mwenye misuli michache hutengeneza taka chache, na figo dhaifu zinaimudu bila namba kupanda. Kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya 1976 unatoa umri kutoka 140, unazidisha kwa uzito, unagawa kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke unazidisha tena kwa 0.85. Unachopata ni mililita za damu ambazo figo husafisha kwa dakika. Yeye, miaka 28 na kilo 70: karibu 109. Bibi: 39. Namba ileile kwenye karatasi, na figo zinazofanya kazi ya theluthi moja na kidogo. Alikitazama kile kikaratasi kwa muda, akakikunja na kukitia mfukoni.

Nilikwenda nyumbani kwao kuiona njia. Hatua 22 kutoka mlango wa chumba hadi choo, jiwe moja limechomoza katikati, taa hakuna. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa 20, kwa sababu mboni haifunguki sana gizani na lenzi imekuwa ya njano. Kwa 76 ni pungufu zaidi. Nyayo nazo hazisomi ardhi kama zamani. Tukalitoa lile jiwe kwa sululu. Chumbani iliwekwa ndoo yenye mfuniko, jambo ambalo Hajati alilipinga kwa siku nne na kulikubali ya tano bila kusema lolote. Akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda, anachezesha vifundo vya miguu, anasema Subhanallah mara 33, ndipo anasimama. Hizo 33 alizichagua yeye. Mimi nilisema dakika moja.

Kwa presha alibadilishiwa dawa isiyokojoza, kiwango kidogo, na tunapima amelala na amesimama kila mara. Mara ya mwisho: 144 kwa 78 amelala, 134 kwa 74 amesimama. Mapigo kutoka 74 hadi 80. Sita zilezile. Hizo ni zake na zitabaki. Kilichotoka ni mzigo uliokuwa juu yake. Kama tungekubali neno la mzee wa langoni, angepumzika barazani na vidonge vyake viwili hadi figo zikatae kabisa, na matangani tungesema alikuwa mtu mzima, siku zake zimefika.

Kuhusu saumu sikusema mimi. Imamu wake alikuja, akamkumbusha ruhusa ya aya ya 184 ya Suratul Baqara, kwamba anayeshindwa hulisha maskini. Hajati aliuliza kama kisira kinakubalika kwa kulisha. Kinakubalika.

Kunywa ndiko kulikokuwa kugumu, maana kiu haiji na haitakuja. Tulitafuta njia ambayo haitegemei kiu. Kuna bakuli mbili dirishani na punje saba za maharage. Kila kikombe akimaliza anahamisha punje moja, na ya mwisho iwe kabla ya magharibi ili usiku alale. Nilipopita juzi saa sita mchana, punje tano zilikuwa zimeshahama. Nikamsifu. Akanijibu kwamba mbili amezihamisha kitukuu, na kwamba tangu asubuhi anawatafuta wazazi wa mtoto huyo awaambie.